Taa Zilizonionesha Macho ya Mama

 

Nikiulizwa kazi yangu huwa nakwama kidogo. Nikisema "nachora nyumba kwa kompyuta," watu hudhani mimi ni mkandarasi. Ukweli ni kwamba nachukua ramani ya nyumba ambayo bado haijajengwa, au ua ambao mwenyewe anataka kuubadilisha, nikaijenga ndani ya kompyuta ukuta kwa ukuta. Naweka viti, mapazia, mikeka na taa, kisha naiachia kompyuta ipige hesabu za mwanga mpaka itoke picha kama iliyopigwa kwa kamera. Wenyewe tunaita kurenda. Naifanyia nyumbani, meza yangu iko karibu na dirisha na chungu kiko jikoni. Alhamdulillah, riziki inapatikana.

Leo nataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana katika kazi hiyo: ule mng'ao unaoizunguka taa kwenye picha. Najua wengi wenu mtasema, sisi inatuhusu nini? Subirini. Kitu hicho kidogo ndicho kilichonijulisha kwamba mama yangu alikuwa anapoteza macho. Mimi naishi naye nyumba moja na nala naye sinia moja, na sikuwa nimeona.

"Taa zako zimekufa"

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa mashariki aliniomba nimtengenezee picha ya ua wake utakavyokuwa baada ya matengenezo. Ua una baraza mbili za mawe, mwarobaini mmoja mkubwa, na alitaka zining'inizwe taa kumi na mbili za shaba zilizotobolewatobolewa. Picha iwe ya wakati wa magharibi, pale mbingu ina buluu bado na taa ndiyo kwanza zimewashwa.

Nilifanya kazi siku nne, nikamtumia. Akanijibu kwa sauti: "Mashaallah, mawe ni mawe kweli, mti ni mti. Lakini taa zako zimekufa, mdogo wangu. Zimewaka, lakini zimekufa."

Niliumia, ila nilipoitazama picha upya nikaona amesema kweli. Kila taa ilikuwa doa jeupe, kama mtu amekata karatasi kwa mkasi akaibandika. Nikaongeza nguvu ya taa mara mbili, kisha mara kumi. Ua ukawa kama mchana wa saa saba, na doa likabaki doa lile lile.

Nikakaa kitako kutafuta sababu. Kumbe skrini ina mwisho wake. Ndani ya hesabu za kompyuta, taa inaweza kuwa kali mara mia kuliko ukuta uliopakwa chokaa. Lakini skrini ikishafika kwenye nyeupe yake, haina tena pa kwenda. Taa itakuwa nyeupe, na chokaa nayo nyeupe. Sasa jicho litajuaje kuwa hii ni taa na ile ni chokaa?

Katika maisha tunajua kwa sababu taa kali haitulii mahali pake, bali humwagika. Mwanga wake huvuka ukingo wa taa ukaenea pembeni kama maziwa yaliyodondokea kwenye maji. Na hili ndilo lililonishangaza zaidi: umwagikaji ule hautoki kwenye taa. Unatoka kwenye kitu kinachoitazama. Kama ni kamera, mwanga unatawanyika ndani ya vioo vya lenzi. Kama ni mtu, unatawanyika ndani ya jicho, kwenye kioo cha mbele na kwenye lenzi ile Mwenyezi Mungu aliyoiweka nyuma ya mboni. Kompyuta haina jicho. Kamera yake ni tundu la hesabu tu, safi kupita kiasi, na ndiyo maana taa zake huonekana zimekufa.

Si jambo jipya. Mwaka 1995 Greg Spencer na wenzake watatu walitoa utafiti ambao ndani yake walichukua elimu ya jinsi jicho linavyotawanya mwanga wakaitia kwenye picha za kompyuta, ili taa ionekane kali kuliko skrini yenyewe inavyoweza kutoa. Kwa maneno mengine, ukitaka mtu aamini kuwa taa inawaka, muwekee kwenye picha kasoro ya jicho lake mwenyewe.

Ninavyoutia mng'ao

Najua kuna wasichana humu wanaojifunza Blender, kwa hiyo hapa ni yenu. Wengine mnaweza kupita.

Kwanza, hifadhi picha yako kwa faili la EXR. JPEG hukata kila kilichozidi nyeupe, na kikishakatwa huna tena cha kumwaga. Kisha nenda sehemu ya Compositing, ongeza nodi inayoitwa Glare. Waliozoea Eevee ya zamani watakumbuka kulikuwa na kisanduku cha kutia alama tu kwenye mipangilio. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2024 kimeondolewa, na kazi hiyo hufanywa hapa.

Nodi hiyo inafanya mambo matatu. Inachagua pikseli zilizovuka kizingiti ulichokiweka. Inazitia ukungu mpaka zitanuke. Halafu inauongeza ukungu ule juu ya picha ya asili. Basi. Kizingiti kiwe juu ya moja, ili taa peke yake ndizo zipite, na ukuta ubaki nje. Kuhusu kiasi, fanya kama unavyotia iliki kwenye chai. Anayekunywa aseme chai tamu. Akisema iliki nyingi, umekosea.

Ipo pia miale ya nyota. Kwenye kamera halisi hiyo huletwa na vile vibapa vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi. Vikiwa sita, nyota ina ncha sita. Vikiwa vitano, ina ncha kumi, kwa sababu kila kibapa hutoa mwale pande mbili, na vikiwa shufwa miale hiyo huangukiana. Na yapo yale madoa ya rangi yaliyojipanga mstari, yanayotokana na mwanga kugongagonga baina ya vioo vya lenzi. Filamu ya Star Trek ya mwaka 2009 aliyoiongoza J. J. Abrams ilijulikana sana kwa mimuliko ya namna hiyo, wapo walioipenda na wapo iliowachosha. Mimi kwenye nyumba za watu siitumii. Mtu anataka kuhisi kwamba amesimama uani kwake, hataki kukumbushwa kuwa kuna kamera.

Siku ya kwanza, bila shaka, nilizidisha. Nilishusha kizingiti, na mawe, vikombe, mpaka kanzu ya mzee niliyemkalisha barazani vikaanza kung'aa. Ua ukawa kama ukumbi wa harusi uliojaa moshi wa udi. Nikaiweka picha hiyo upande mmoja wa skrini, na upande wa pili ile niliyoirekebisha, yenye mng'ao mdogo tu, ili nilinganishe.

Mama akachagua

Mama akaingia na chai. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mara, maana yeye ndiye mteja wangu wa kwanza: "Mama, ipi nzuri?"

Hakufikiri. Akanyoosha kidole kwenye ile iliyozidi. "Hii. Hii ndiyo taa. Ile nyengine umechora tu."

"Mama, hii imezidi. Taa haina duara kubwa namna hii."

"Haina? Hebu itazame hiyo iliyo juu yako."

Nikainua kichwa. Taa yetu ya ukumbini, globu ya kawaida. Nikaiona globu.

"Wewe unaliona duara, Mama?"

"Kwani lini sikuliona? Kubwa hivi," akaonesha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia. "Na miale huku na huku. Uzuri wa taa si ndio huo?"

Nikacheka. Akacheka na yeye, akaenda zake. Lakini usiku usingizi haukuja. Wiki nzima nilikuwa nikisoma kwamba duara la taa halimo kwenye taa. Basi lile la mama lilikuwa wapi?

Kesho yake baada ya Maghribi nikamwomba tufanye mchezo. Nilikuwa nimejifunza kuwa ukitaka kujua mng'ao uko nje au uko jichoni, fumba jicho moja, nyoosha mkono, uizibe taa yenyewe kwa kidole gumba. Duara la kuzunguka mwezi usiku wa mawingu mepesi halipotei hata ukiuziba mwezi, kwa sababu liko juu huko kwenye chembe za barafu. Lakini mng'ao wa jichoni hutoweka pale pale, kwa sababu umeuzuia mwanga usiingie.

Mama akaiziba taa. "Limeondoka," akasema. Akakiondoa kidole. "Limerudi." Akarudia mara tatu, kama mtoto, anafurahi. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yangu kwa nguvu.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alizaliwa Basra mtu aitwaye Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir. Wapo wataalamu wa Kigiriki waliosema jicho hutoa miale ya kwenda kukishika kitu. Yeye alionesha kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Nilikuwa nimesoma habari zake nikazipita kama habari za vitabuni. Siku ile nilimwelewa. Mwanga ulikuwa unamwingilia mama yangu, na njiani ulikuwa unapita kwenye kitu kilichochafuka.

Nataka niwe mkweli: hata jicho zima hutawanya mwanga kidogo, wala mchezo wa kidole si kipimo cha daktari. Tofauti ni ukubwa wa duara. La mama lilikuwa la sinia.

Yale ambayo sikuyaona

Hapo ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani. Mwaka ule Ramadhani mama aliswali Tarawehe nyumbani, akasema miguu. Darsa ya baina ya Maghribi na Isha aliiacha, akasema mwalimu mpya haraka sana. Na kofia. Mama yangu ameshona kofia tangu yuko msichana. Vile viua vyake vidogo vilivyojipanga sawasawa ndivyo vilivyotulipia skuli. Kwa miezi kadhaa alikuwa anawapa wasichana wa jirani watoboe viua, yeye anamalizia kingo, na akisema anawafundisha.

Nilipomkalisha nikamuuliza moja kwa moja, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Njiani usiku taa za pikipiki zinanimaliza. Sioni shimo wala mtu. Nikajua ndio uzee huo. Nikikwambia, utaniambia niache kofia. Na nikiacha kofia, mie nabaki nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tu.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekwenda zaidi. Alitueleza vizuri: lenzi ya ndani ya jicho, ambayo ilikuwa angavu kama kioo, huanza kufifia na kuwa na ukungu. Umri ndio sababu kubwa, na sukari huharakisha. Mwanga unaopita hautoki tena umenyooka, unasambaa. Ndiyo yale maduara. Nikamsimulia habari ya picha, akacheka, akasema wagonjwa wengi hawaji kulalamika duara la taa, kwa sababu linakua polepole na wanadhani kila mtu analiona.

Tiba yake ni kuitoa lenzi ile yenye ukungu na kuweka nyengine ndogo ya plastiki. Mama aliogopa sana. Aliswali istikhara, akaomba radhi kwa majirani kana kwamba anasafiri. Jicho la kwanza lilichukua chini ya nusu saa. Alikuwa macho, jicho tu ndilo lililotiwa ganzi, na anasema muda wote vidole vyake vilikuwa vinahesabu dhikri chini ya shuka.

Kesho yake bandeji ikaondolewa. Tulifika nyumbani karibu na Maghribi, nikawasha taa ya ukumbini. Akaitazama, akafunika jicho ambalo bado halijatibiwa, akaitazama tena.

"Mbona taa imekuwa ndogo?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo siku zote. Sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa pambo. Halafu akageuka ukutani. "Subhanallah! Ukuta huu mchafu hivi, na wageni wanaingia humu!" Kisha akanitazama mimi, karibu, muda mrefu. "Mwanangu, umekonda. Na una mvi moja hapa. Tangu lini?"

Nililia hapo hapo, dada zangu. Mama yangu hakuwa ameniona uso wangu sawasawa, sijui kwa muda gani. Na mimi sikuwa nimeyatazama macho yake.

Kioo cha kandili

Wale wa umri wangu mnakumbuka miezi ile mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa bila umeme. Nyumba yetu ilirudi kwenye kandili. Kila alasiri mama alikiondoa kioo, akakifuta masizi kwa karatasi, kisha kwa kitambaa laini, mpaka kikalia ukikipitisha kidole. Siku moja mimi nilikuwa nataka kupandisha utambi kwa kuwa mwanga hafifu. Akanizuia. "Taa haina kosa. Tazama kioo."

Aya ya Nuru tunaisoma tangu chuoni, ile inayotaja shubaka, taa na kioo. Mimi si mwanachuoni wa kuifasiri. Nasema tu kwamba siku hizi nikifika kwenye neno kioo, nakumbuka mikono ya mama na kile kitambaa.

Nimejifunza pia kujiuliza. Mara ngapi naona duara kubwa la nuru kwenye maisha ya mwenzangu, nyumba yake, mume wake, safari zake, nikahuzunika kwa yangu? Na mara ngapi naona ukungu kwa mtu, nikasema yeye ndiye mbaya? Sasa najaribu kukinyoosha kidole gumba kwanza. Huenda kitu hakimo kwake. Huenda kimo kwangu, na kinataka kufutwa.

Kazini bado natia mng'ao, kidogo. Yule dada wa nyumba ya wageni alipokea ile picha ya pili, akasema taa zimefufuka. Nikimaliza picha yoyote naiacha usiku mmoja, asubuhi naifungua ghafla. Nikiuona mng'ao kabla ya taa, napunguza.

Nanyi naomba mfanye jambo moja wiki hii. Kaeni na mama zenu, bibi zenu, mama wakwe zenu baada ya Maghribi, muwaulize: taa hii unaionaje? Ina duara? Taa za gari zinakusumbua? Wakisema ndiyo, wapelekeni wakapimwe. Na kama duara limekuja ghafla, jicho limekuwa jekundu, linauma, pamoja na kichwa au kutapika, msisubiri hata kesho. Hiyo inaweza kuwa presha ya jicho, na saa chache zinaweza kuondoka na macho.

Jicho la pili la mama lilitibiwa miezi mitatu baadaye. Jana usiku alikuwa barazani na kofia mapajani, anatoboa viua. Nilimwambia nimeandika habari zake. Akaniuliza kama nimetaja kwamba ukuta ulikuwa mchafu. Nikamwambia nimetaja. Akasema basi nitaje pia kwamba tumeshaupaka rangi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya wazee wetu, na atutie nuru nyoyoni. Amin.